Umeme Ulipolegea Bunda

Mwezi uliopita nilikwenda harusini hapa Musoma. Mtoto wa mwalimu mwenzangu alikuwa anaoa, na nikapangiwa kiti jirani kabisa na wapiga muziki. Kijana wa gitaa hakuwa na lile sanduku kubwa nyuma yake kama wapigaji wa zamani. Alikuwa na simu. Gitaa lilichomekwa kwenye kidude kidogo, kidude kikachomekwa kwenye simu, na yeye akawa anapekua kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta namba. Nilipomsifia, aliniambia kwa adabu, "Mama, sauti zote zimo humu. Wewe sema tu unataka ipi." Nikamwambia nataka ile ya Bunda saa moja jioni, watu wakishawasha taa zao na umeme umelegea. Akaniangalia aone kama natania, akacheka kidogo, akarudi kwenye simu yake. Sikumlaumu. Lakini niliondoka kabla keki haijakatwa, na tangu siku hiyo nimekuwa na hamu ya kumsimulia mtu. Basi kaa, nikusimulie wewe.

Nililelewa Bunda, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Mchana baba alikuwa fundi wa mashine pale kiwandani, na mwisho wa wiki alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi ya kiwanda. Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Ninachokumbuka kwake ni kanga yenye harufu ya moshi, na jinsi alivyokuwa akikaanga furu, wale samaki wadogo wa ziwani, hadi mifupa inatafunika. Baada yake tulibaki wawili. Halafu kiwanda nacho kikafungwa, na wewe unajua mji mdogo unavyokuwa kiwanda kikifungwa. King'ora cha asubuhi kilinyamaza. Nyumba za safu yetu zikaanza kuhamwa moja moja, hata ikafika mahali jioni ukitazama nje unaona moshi wa majiko mawili tu, letu na la mama jirani. Nyuzi nyuzi za pamba zilibaki zimenasa kwenye michongoma miaka na miaka, kama vile kazi imesimama kwa muda tu na watu wako njiani kurudi.

Bendi nayo ilikwenda hivyohivyo. Mpiga ngoma alikwenda Mwanza. Mwimbaji aliokoka, akasema hataki tena kusikia habari za dansi. Mpiga besi akaenda machimboni Geita. Siku meneja alipokuja kufunga stoo, alimwambia baba achukue amplifaya, maana hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuibeba. Ilikuwa nzito kama gunia la mahindi. Waliileta wanaume wawili kwa toroli, wakaiweka sebuleni juu ya kreti mbili za soda, na pale ndipo ilipokaa utoto wangu wote.

Nikueleze ilivyokuwa, maana siku hizi huzioni. Ilikuwa amplifaya ya taa. Ukichungulia kwa nyuma unaziona zimesimama kwenye mstari, chupa nyembamba za kioo zenye nyaya ndogo ndani. Ukiwasha haisemi kitu. Unasubiri. Taratibu zile chupa zinaanza kuwa na rangi ya kaa la moto lililofifia, halafu inakuja harufu ya vumbi linaloungua, na kwetu sisi vumbi lenyewe lilikuwa pamba. Baba hakugusa gitaa kabla ya harufu ile. "Taa baridi haiimbi," alikuwaga anasema, na muda huo wa kusubiri ndio tulioutumia kula. Ugali wetu ulikuwa wa mtama na muhogo, mweusi, mgumu wa kushibisha, na dagaa au maziwa ya mgando. Tulikula tukiitazama amplifaya, kama watu wengine wanavyokula wakiitazama televisheni.

Sauti nzuri haikutoka kirahisi. Kifundo cha sauti ukikizungusha kidogo, gitaa linatoka safi lakini jembamba, kama mtu anayesoma risala. Ukikizungusha hadi mwisho, linafoka. Katikati, kupita nusu kidogo, palikuwa na mahali padogo kama upana wa ukucha. Hapo ukizipapasa nyuzi gitaa linaongea kwa upole, na ukizichapa linalia, lina mkwaruzo mtamu kwa mbali, kama sauti ya mtu mzima anayejizuia asilie. Amplifaya yenyewe haikuguswa tena baada ya hapo. Kazi yote ilibaki kwenye vidole vya baba. Na mahali pale palikuwa pazuri zaidi saa moja jioni. Mchana umeme wa Bunda ulikuwa mkali na sauti ilikuwa na makali. Lakini watu wakishawasha taa mji mzima, umeme unalegea, balbu yetu inakuwa ya manjano, na gitaa nalo linalegea pamoja nayo. Baba alinionyesha jambo hilo kwa kidole tu, akiinyooshea balbu. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na tangu mama afariki yalipungua zaidi.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba alianza kusema amplifaya inaumwa. "Sauti ya juu imekwenda," alisema. Alifungua nyuma, akapangusa taa, akazibadilisha nafasi, akakaza kila kitu. Bado. Mimi nilikuwa naisikia kama siku zote, ila niliona haya kumwambia, maana mimi ni nani. Mwishowe akaifunga kwa kamba za katani, tukaipandisha kwenye basi la Musoma, tukaenda kwa fundi redio wa mtaa wa Iringo.

Fundi alikuwa Mwislamu, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyofungwa waya pembeni. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye redio zilizokufa hadi darini, na harufu ya risasi ya kuchomelea. Nilimwamkia shikamoo, akanipa kigoda na glasi ya chai ya tangawizi. Yeye aliziita zile taa valvu. Alizigonga moja moja kwa penseli huku ametega sikio kwenye spika, kisha akatoa moja, akaweka nyingine aliyoitoa kwenye redio ya zamani.

"Haya, ndugu yangu, ipige."

Baba akapiga. Mimi kwenye kigoda changu nywele zilinisisimka, maana ilikuwa tamu kuliko ya nyumbani.

"Bado," akasema baba. "Ile ya juu haipo."

Fundi akabadilisha nyingine. Baba akapiga, akatikisa kichwa. Akabadilisha ya tatu. Ilikuwa vilevile. Fundi akavua miwani, akaniangalia mimi, akamwangalia baba aliyekuwa ameinamia gitaa. Kisha akachukua kijiko, akasimama nyuma ya mgongo wa baba, akaigonga glasi yake ya chai mara mbili. Ting, ting. Mimi nikageuka. Mtu aliyekuwa anapita nje naye akageuka. Baba hakugeuka.

Fundi akazunguka, akachuchumaa mbele yake ili waonane usoni.

"Ndugu yangu, amplifaya yako ni nzima."

Baba akauliza, "Nini basi?"

"Mashine za pamba umefanyia kazi miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

Fundi akagusa sikio lake mwenyewe. Baba alilitazama gitaa, kisha akakitazama kijiko mkononi mwa fundi, na nikaona ameelewa kila kitu, hata lile la kijiko. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mchana kweupe namna ile. Fundi akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Binti, wewe umesikia, siyo? Basi wewe ndiye utakayemsikilizia." Na wakati wa kutuaga alimshika baba mkono muda mrefu, akamwambia sauti haijapotea, imehamia kwa mtoto.

Ukiniuliza miaka gani nilikuwa na furaha, nitakwambia ni miwili iliyofuata, ingawa tulikuwa wapweke kama nini. Kila jioni baba alichomeka gitaa, mimi nikasimama kwenye mlango wa uani, maana hapo ndipo sauti ilikuwa imetulia, siyo mbele ya spika inapokuchoma. Yeye alipiga kipande kidogo, kilekile siku zote, akaniuliza, "Ipo?" Nikamwambia, "Bado, baba, punguza trebo." Akakirudisha nyuma kile kifundo cha sauti ya juu. "Ipo?" "Bado kidogo." "Ipo?" "Ipo." Basi alifumba macho, akapiga saa nzima. Alisikia besi na katikati. Ya juu alinisomea usoni. Nikikunja pua, vidole vyake vinarudi nyuma. Nikitabasamu, anaendelea. Hakuna mtu aliyejua siri hiyo isipokuwa mimi, yeye na fundi wa Iringo. Mama jirani alifikiri mimi ni mtoto wa kupenda muziki sana.

Nilipomaliza darasa la saba, baba alinipeleka Butiama kwa bibi mzaa mama nikasome sekondari. Hakuniuliza. Siku moja nilikuta nguo zangu zimekunjwa kwenye begi. Alisema mtoto wa kike aliyekua hafai kukaa na baba peke yake kwenye nyumba zilizohamwa, anahitaji mwanamke wa kumwongoza. Leo naona alikuwa na haki. Siku ile niliona natupwa.

Bibi alikuwa mwema. Alinifundisha kusaga mtama kwa jiwe, ingawa mashine ya kusaga ilikuwa karibu, na kuzichagua kuni zinazoshika moto mvua ikinyesha. Aliongea nami Kizanaki, akinisahihisha kwa kicheko. Lakini Butiama kwa bibi hapakuwa na umeme, na jioni ilikuwa kimya cha miamba na upepo tu. Saa moja ikifika, miguu yangu ilitaka kwenda kusimama mlangoni. Muhula mzima nilimsubiri baba aje kunitembelea. Wazazi wa wenzangu wa bweni walikuja shuleni na karanga na sabuni. Baba hakuja. Muhula wa pili hakuja. Bibi alisema, "Mwanamume akiwa peke yake anaota kutu, mjukuu wangu, usimhesabie." Mimi nilihesabu.

Niliporudi Bunda likizo ya Desemba, mama jirani alinipokea kabla sijafika mlangoni. "Umekuja? Afadhali. Baba yako siku hizi anatuchoma masikio, mwanangu. Alikuwaga anapiga vizuri, sijui amekuwaje." Ndani nilimkuta baba amekonda, gitaa mapajani. Alifurahi kuniona, uso ulimng'aa kweli. Lakini neno lake la kwanza lilikuwa, "Njoo usikilize hapa. Jumamosi tunakwenda Nyamuswa." Hakuniuliza shule ikoje. Hakuniuliza nimefikaje. Niliweka begi chini, nikasema nimechoka.

Nyamuswa palikuwa na harusi. Fundi mwenzake wa kiwandani alikuwa anaozesha binti, na alikuwa amemwomba baba apige, kwa heshima ya zamani. Baba alipiga pasi suruali yake ya bendi mara mbili. Tuliibeba amplifaya kwa pikapu ya wenye shughuli, tukaipanga chini ya turubai, mchana, jua kali. Umeme ulikuwa wa jenereta. Huo haukuwa umeme wa kulegea, ulikuwa mkali kuliko wa Bunda mchana. Na kile kifundo cha trebo, kwa mwaka mzima wa kupiga bila mtu wa kumsikilizia, baba alikuwa amekipandisha kidogokidogo hadi mwisho, akiitafuta sauti ambayo masikio yake hayakuwa nayo tena.

Akapiga kile kipande chake. Ilikuwa kama bati linalokwaruzwa kwa msumari. Akanitafuta kwa macho kati ya watu. Nilikuwa nimesimama karibu na masufuria ya pilau.

"Ipo?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa na mihula miwili ya kutotembelewa kifuani. Nikamtazama baba yangu machoni, nikatabasamu, nikasema, "Ipo."

Akafumba macho, akaanza kupiga.

Sitakueleza yote. Wanawake waliziba masikio ya watoto wao. Wazee walianza kukohoa na kuvuta viti nyuma. Mtu mmoja aliyelewa akapiga kelele, "Mzee, unachinja paka?" na watu wakacheka, kile kicheko cha watu waliokuwa wakijizuia. Baba hakusikia neno lile, lakini alifumbua macho, akaviona vicheko. Alitazama watu. Kisha akanitazama mimi. Mimi nilikuwa sitabasamu tena. Alishusha mkono polepole kutoka kwenye nyuzi, akainama, akazima amplifaya, akamshukuru mwenye shughuli kwa kichwa. Wakaweka kaseti.

Tulirudi na pikapu ileile, tumekaa nyuma, amplifaya katikati yetu, mkono wake juu yake isirukeruke kwenye mashimo. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anipige. Tulipokaribia Bunda, aliniinamia akaniuliza, "Umekula, mwanangu?" Ndilo swali pekee aliloniuliza kuhusu mimi likizo nzima, na badala ya kulijibu nililia.

Tangu siku hiyo hakuniita tena mlangoni. Alikishusha kifundo cha trebo hadi chini kabisa, akakiacha hapo, ili asimwudhi mtu. Gitaa likawa linatoka kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Siku moja jioni nilijikaza nikaenda kukipandisha mwenyewe, kidogo tu, mahali pake pa zamani. Akanishika mkono, kwa upole, akakirudisha chini. "Iache," akasema. "Hivi haimsumbui mtu." Mwaka uliofuata nilimkuta hachomeki tena. Alipiga kavu, amelaza kidevu juu ya ubao wa gitaa asikie kwa mfupa.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa kazi Musoma. Nyumba za kiwanda zilipobomolewa nilimleta baba akae nami, kwenye nyumba yangu ya kupanga upande wa ziwa. Amplifaya tuliiacha kwa mama jirani, huko alikohamia, kwa muda, na muda ukawa mrefu. Tulipokwenda kuifuata mchwa walikuwa wamekula mbao, na taa zake zote zimevunjika. Baba alichungulia pale nyuma, akapuliza vumbi, akasema turudi. Wakati huo alikuwa hasikii kitu kabisa. Tuliongea kwa daftari, mimi naandika, yeye anajibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa kuliko alivyojua.

Jumapili moja baada ya kanisa niliandika kwenye daftari: *Baba, Nyamuswa nilikudanganya. Nilisikia kwamba ni mbaya.*

Alisoma. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ile. Ulikuwa umerudi na mimi nikakuuliza habari za gitaa." Akairudisha miwani usoni. "Na Butiama sikuja kwa sababu niliogopa. Niliona nitakaa na walimu wako, wataniuliza jambo, nami nisisikie, wakuite mtoto wa kiziwi. Nikasema nitakwenda muhula ujao."

Nikashika kalamu niandike jibu. Akalivuta daftari upande wake, akalifunga.

"Sasa niambie," akasema. "Nje kunasikikaje?"

Ndivyo ilivyoanza, na iliendelea miaka minne. Tulikaa barazani kila jioni na nilimwandikia ninachosikia, kwa ukweli, bila kukipamba. Kwamba mitumbwi inayotoka Bukima ina injini mpya, ina sauti ya juu isiyopendeza. Kwamba mama wa nyumba ya tatu anamfokea mtu kwa Kijita na anacheka hapohapo. Kwamba mawimbi leo ni mazito, hayavunji, yanasukuma tu. Yeye alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Mara nyingine aliuliza, "Mazito kama uzi upi?" nami nikaandika, *wa tano*, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Nadhani katika miaka ile minne tuliongea kuliko yote iliyotangulia.

Aliondoka duniani kipindi cha mvua za vuli. Kiwanda kimebaki kuta. Safu yetu ya nyumba ni uwanja wa kuegesha malori, na fundi wa Iringo alishafariki, chumba chake kinauza vifuniko vya simu. Umeme wa Bunda siku hizi haulegei, wanasema wameweka transfoma kubwa. Yote hayo nayazoea. Nisichokizoea ni masikio yangu, ambayo bado ni mazuri sana kwa umri huu. Jana mvua ilianzia ziwani, ikaja juu ya mabati ya jirani kwanza, halafu ya kwangu, na kati ya paa moja na jingine palikuwa na pengo dogo la kimya. Nililisikia vizuri. Daftari lilikuwepo na kalamu ilikuwepo. Nikaandika, kwa tarehe yake, jinsi pengo lile lilivyokuwa, kisha nikakaa na daftari mapajani hadi mvua ilipokatika.